Maboma Yaliyokataliwa na Ghala

Wanangu, wacheni kwanza kulaumu mashine. Nimewasikia. Kila nikienda kwa binti yangu Mwende nakuta wajukuu na wenzao wamezunguka meza, kila mtu na kompyuta yake, na wimbo ni mmoja: sistimu imekataa, sistimu imekataa. Ati imekataa! Sistimu haikatai kitu chochote. Kuna mtu mahali aliiambia ikatae, na kuna mtu mwingine mahali pengine aliipa kitu ambacho haikutarajia. Kazi yako ni kuwatafuta hao watu wawili. Na ukiwapata usianze kuwagombeza, kwa sababu mara nyingi kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri kabisa. Mimi nilichukua muda mrefu kujua hilo, maana niko na mdomo, na wanaonijua hapa Kitengela wanajua.

Nilifanya kazi katika chama cha maziwa. Ofisi kubwa ilikuwa Kitengela na tawi moja lilikuwa Kajiado mjini. Kule Kajiado kulikuwa na databesi, ambamo karani aliandika kila siku: mwanachama ni nani, nambari yake ni ipi, ana ng'ombe gani, na leo nani ameleta maziwa. Databesi kama hiyo ni jikoni. Sufuria ziko motoni, watu wanaingia na kutoka, huwezi kumwambia mpishi asimame uhesabu vijiko. Sasa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili wakubwa wakataka ghala la data, na ghala ni stoo: vitu vya matawi yote vimepangwa kwa rafu, vya mwaka huu na vya miaka ya nyuma, meneja akiuliza swali anapata jibu bila kuingia jikoni. Mimi ndiye nilikuwa natoa vitu jikoni na kuvipeleka stoo. Natoa, nasafisha, napakia. Na karibu kila wiki kitu kilimwagika njiani, na simu ilikuwa inalia kwa meza yangu.

Msifikiri kwamba njia yenyewe ilikuwa waya. Miaka ya tisini tulikuwa tunabeba data kwa disketi, ndani ya pikapu ya ofisi, kutoka Kajiado hadi Kitengela, na vumbi lile mnalijua. Kuna dereva mmoja alipenda muziki kuliko chakula. Alikuwa akiweka disketi zetu juu ya spika ya redio ili zisianguke. Spika iko na sumaku, na sumaku hufuta disketi. Tulikaa muda mrefu tukishangaa kwa nini data ya Kajiado inafika ikiwa imechanganyikiwa, siku zingine haifiki kabisa, tukabadilisha disketi, tukabadilisha kompyuta, karibu tubadilishe karani. Siku moja nikaomba lifti kwa hiyo pikapu, nikaona kwa macho yangu. Woi! Nilimwambia dereva maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, halafu nikamnunulia sanduku dogo la bati, na urafiki wetu ukaendelea.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odera. Alikuwa ametoka kwenye mitambo ya simu, mtu mkubwa, mpole, anayekunja mikono ya shati kabla ya kufanya chochote. Kitu kikiharibika hakugusa kibodi kabla ya kunywa chai. Mimi nilikuwa nataka kurukia, yeye ananiambia, "Binti wa Masaku, keti. Data haipotei. Imekaa mahali inakungoja, na wewe unapiga kelele huisikii." Nilikuwa naudhika sana. Siku hizi nikiwaona nyinyi mkibonyeza mara kumi kitu kilichokataa mara ya kwanza, namkumbuka na kumwombea.

Wacha niwaambie vile nilianza naye. Wiki yangu ya kwanza alinipa jedwali la mifugo nilipakie. Lilikataa kwa mstari wa kwanza tu. Nikajaribu tena, likakataa. Tuko Kajiado, nchi ya ng'ombe, na mashine imekataa neno ng'ombe! Kumbe ni ile alama ndogo ya juu. Mashine ilikuwa imezoea kwamba hiyo alama ndiyo inafunga neno, kwa hivyo ikimeza "ng" inafikiri neno limeisha, halafu inakutana na "ombe" na haijui huyo ni nani. Mzee Odera alicheka hadi akashika meza. Kisha akanionyesha dawa: kabla ya kupakia, kila penye alama moja weka mbili, mashine itaelewa kwamba hiyo ni sehemu ya jina. Jambo dogo, lakini kama jina lako ni Nyang'au ama Ng'ang'a, si dogo kwako.

Kuna na yule ng'ombe wa Tuala aliyechanjwa kabla ya kuzaliwa. Karani alikuwa anaandika siku kwanza halafu mwezi, na ghala lilikuwa linasoma mwezi kwanza halafu siku. Tarehe zingine zilipita bila shida, zingine zikageuka, na hakuna kilichopiga kelele. Makosa yanayopiga kelele ni rafiki zako. Muogope yule anayeingia kimya na kuketi kama mgeni. Meneja alishika ripoti akaniuliza, "Mama Mwende, huyu ng'ombe alichanjwa akiwa wapi?" Nikamjibu kwamba huyo ni ng'ombe wa imani, alichanjwa kwa kutarajiwa. Hakucheka hata kidogo. Nilirudi mezani nikarekebisha.

Basi ndiyo Mzee Odera akanipa sheria yake moja kubwa: hesabu waliotoka, hesabu waliofika. Mistari iliyotoka Kajiado iwe sawa na iliyofika ghalani, na kama si sawa usiende nyumbani. Nikaifuata kama Biblia. Halafu siku moja nikamweleza Naserian, ambaye ndiye alikuwa karani wa Kajiado miaka hiyo, mama kijana, mwenye sauti ya chini, anaandika lita za maziwa kwa uangalifu hadi nukta ya mwisho. Akaniambia, "Mama Mwende, baba yangu hahesabu ng'ombe. Anasimama kwa mlango wa boma jioni wakiingia, anaangalia tu. Akimaliza anakuambia yule mweusi wa masikio madogo hayuko." Nikamuuliza, sasa hesabu ina kazi gani? Akasema, "Hesabu itakwambia mmoja hayuko. Haikwambii ni nani." Nikacheka, nikaona ni maneno ya wafugaji tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Sasa ndiyo nifike kwa ile siku niliyotaka kuwaambia.

Ukame ulikuwa umekuja, ule mbaya. Barabara ya Namanga ilikuwa na mizoga kando, na harufu ilikuwa inaingia hadi ofisini. Wanaume wengi walikuwa wamehamisha ng'ombe, wengine wamevuka Tanzania, wengine wanalisha kando ya barabara huko Nairobi mjini, ng'ombe katikati ya magari. Waliobaki nyumbani walikuwa akina mama, watoto, na wale ng'ombe wasioweza kutembea. Chama kikanunua nyasi kavu, marobota kwa marobota, kuwagawia wanachama. Orodha ya kugawa ilitoka kwa ghala langu. Lori lilikuwa linafika kituoni, mgawaji anasimama juu na kipaza sauti, anasoma jina la mwenye boma, mwenye jina anajibu, anasogea, anapewa. Usipoitwa hupati, kwa sababu nyasi zenyewe hazikutosha na kila mtu alikuwa amesimama hapo akiziangalia.

Siku moja kabla ya lori la Kisaju, simu ikalia mapema.

"Takwenya, Naserian," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia, halafu moja kwa moja kwa kazi. Si kawaida yake. Naserian huanza na watoto, aende kwa mvua, ndiyo afike kwa kazi. "Mama Mwende, hii orodha mmetuma ya Kisaju. Kuna boma haiko."

"Boma ya nani?"

"Yetu. Ya nyumbani."

Nilijua baba yake alikuwa ametuacha miezi michache kabla. Nilikuwa nimetuma rambirambi. "Ah, pole mama. Si imeandikwa kwa baba yako? Alikuwa anaitwa nani vile, nimtafute?"

Nikasikia tu karatasi zikigeuzwa.

"Naserian?"

"Siwezi kusema."

Nikadhani kuna mtu amesimama karibu naye. Nikamwambia basi nipe nambari ya uanachama, akaitaja bila kusita. Nikatafuta. Katika nakala ya databesi ya Kajiado, nambari ilikuwepo. Ng'ombe walikuwepo, maziwa yalikuwepo. Ghalani, kwa rafu ya mwaka huu, hakuna kitu. Hiyo tayari ni habari nusu: imetoka jikoni, haikufika stoo. Swali ni imeanguka wapi.

Sikilizeni hapa vizuri. Kila ghala liko na kona ya waliokataliwa, mahali mistari iliyoshindwa kupita hutupwa ingoje mtu. Hakuna mtu huipenda hiyo kona. Mimi mwenyewe nilikuwa naipitia kwa haraka, nikijumlisha walio humo na waliofika ili hesabu ya Mzee Odera itoke sawa, kwa sababu ripoti za maziwa zilikuwa zinakaa sawa na upungufu ulikuwa mdogo. Nikaifungua. Nikakuta mstari wa boma la akina Naserian, na chini yake mwingine, na mwingine, ukurasa mzima, yote ya Kajiado. Nambari iko, ng'ombe wako, lakini pale pa jina hakuna kitu. Na wale mafundi waliotujengea ghala walikuwa wameweka sheria: asiye na jina haingii.

Moto ulinipanda. Nani huyu mvivu haandiki majina? Lakini hasira yenyewe haikukaa, kwa sababu nilijua anayeandika ni nani. Naserian mvivu? Mtu anayerudi kutoka kwa lango la nyumbani kwake kurekebisha nusu lita? Kuuliza si ujinga. Nikamwambia dereva awashe pikapu, tukashika barabara ya Kajiado.

Nilimkuta amefunga kitambaa kichwani, nywele zimenyolewa, na zile shanga zake zote hazikuwepo. Sijui kwa nini sikuwa nimefikiria kwamba atakuwa hivyo. Akanipa kiti, akanipa chai, chai ya rangi, kwa sababu hata ofisi ya maziwa ilikuwa haina maziwa. Nikamuuliza polepole, na kwangu mimi polepole ni kazi, "Naserian, haya majina yalienda wapi?"

"Ni mimi nilifuta."

"Yote?"

"Yote ya wale wameenda." Akaangalia mikono yake. "Kwetu mtu akienda, jina lake tunaliacha lipumzike. Ukiliita mbele ya watu wake ni kama umewapiga. Si wote wanafuata siku hizi, lakini kwetu bado. Sasa mama wa watu anakuja hapa kwa dirisha kuniambia mzee hayuko tena, anasimama hapo anaangalia kioo cha kompyuta, na jina liko hapo kubwa. Ningeachaje? Nafuta. Nambari naacha, ng'ombe naacha, ndiyo boma isipotee. Nilikuwa najua nambari inatosha."

Na kwa databesi yake, kweli, ilitosha. Ile ya Kajiado haikuwahi kukataa nafasi tupu. Mtu wa kwanza alifuta kwa heshima, wa pili aliweka sheria ili ghala liwe safi, na katikati yao maboma yakaanguka.

"Na la baba yako?" nikamuuliza.

"Hilo nilifuta nikilia."

Wanangu, mimi ni Mkamba wa Masaku. Kwetu mtu akienda tunamwita zaidi. Mwende wangu ni jina la mama wa mume wangu, na tangu yule mama azikwe, jina lake naliita asubuhi na jioni, nikimtuma, nikimkaripia, nikimbembeleza, na tunaona vizuri kwamba bado yuko nyumbani. Kwa hivyo sikuwa nimeelewa kabisa. Nilikuwa nimeguswa, lakini sikuwa nimeelewa, ndiyo nikafungua mdomo nikamwambia, "Basi usijali. Niko na nakala ya mwaka jana na majina yote yako humo. Nikirudi Kitengela nayajaza, ni kazi ya dakika chache."

Akanishika mkono. Naserian, ambaye hata kusalimiana alikuwa anakugusa kidogo tu na vidole.

"Usijaze. Tafadhali, Mama Mwende. Kesho watayasoma na kipaza sauti. Mama yangu atakuwa amesimama pale. Watoto wa ndugu yangu watakuwa pale."

"Na asipoitwa hapati nyasi."

"Najua."

"Amebaki na ng'ombe gani?"

"Lemayian, ndugu yangu mkubwa, alienda na wengine Tanzania. Mama ako na wale wa kukamua, na ndama. Wawili tunawainua na mikono asubuhi ndiyo wasimame. Wakienda hao, mama hana kitu tena." Na hapo ndipo alilia, bila sauti, akijifuta na ncha ya kitambaa. Nilihisi aibu na huruma pamoja, na nikaketi karibu naye mpaka akamaliza.

Nikampigia meneja Kitengela nikamweleza. Hakuwa mtu mbaya, na lori lilikuwa limeshajazwa. "Mama Mwende, jaza majina tumalize. Ng'ombe haijui jina."

"Ng'ombe haijui. Mwenye ng'ombe anajua."

"Basi weka kijana wa kwanza wa kila boma."

"Hao wako Tanzania. Wakiitwa nani atajibu, vumbi?"

"Sasa andika mjane wa fulani."

"Fulani ndiye hatutaki kutaja!"

"Andika mjane peke yake."

"Mjane, mjane, mjane, ukurasa mzima? Wasimame wote mara moja wapigane?"

Akapumua kwa simu. "Orodha naitaka kabla ofisi ifungwe. Iwe na majina ya watu wa kuitwa. Vile utafanya, fanya." Akakata.

Nikakaa. Nikakumbuka kuinua kile kikombe, si kwa sababu ya busara, kiu tu. Ile chai ya rangi ilikuwa chungu. Nikamuuliza Naserian, ili tu niseme kitu, "Maziwa ya kwenu yaliisha lini?"

"Ukame ulipoanza tu."

"Na yalipokuwepo, nani alikuwa anayaleta?"

Akaniangalia kama vile mimi ni mtoto niliyeuliza mvua inatoka wapi. "Mama. Si nani? Wanaume hawakamui. Mwenye kukamua ndiye mwenye maziwa."

"Na ulikuwa unaandika nani ameleta?"

"Kila siku."

Tuliangaliana. Naona yeye ndiye alielewa kwanza, kwa sababu alikuwa ameshageuza kiti kukabili kompyuta kabla sijaweka kikombe chini. Jedwali la wanachama lilikuwa na mwenye boma. Jedwali la maziwa lilikuwa na aliyeleta. Na yote mawili yalikuwa na nambari ile ile ya uanachama, iliyokaa hapo miaka yote ikiyaunganisha, na hakuna mtu alikuwa ameiuliza hili swali. Hiyo ndiyo maana ya kuitwa databesi ya uhusiano, wanangu. Vitu vyake vinajuana. Nikaandika: kila mstari usio na jina, nipe mtu wa mwisho aliyeleta maziwa ya nambari hiyo.

Wakashuka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine. Ng'oto Sankale. Ng'oto Nashipae. Ng'oto Lemayian. Ng'oto kwa Kimaasai ni mama ya fulani, na ndivyo mama mzima anavyoitwa kwa heshima. Walikuwa wamekaa humo siku zote, kila alfajiri na kibuyu chake, na sisi tukisoma lita tu.

Mimi nikaanza kuhesabu. Naserian akaweka kidole kwenye kioo akaanza kuangalia. "Huyu ndiye. Huyu ndiye. Huyu hapana, huyu ni jirani alikuwa anambebea akiwa mgonjwa, mwenyewe ni Ng'oto Saiyua. Huyu ndiye." Hesabu yangu ilikuwa sawa tangu mwanzo, na huyo jirani angechukua nyasi za mwingine bila mtu yeyote kujua. Tulienda hivyo hadi mwisho, mimi nikirekebisha, yeye akiwatambua, na nilimpenda sana siku hiyo, kama mdogo wangu wa kuzaliwa.

Tukaweka kila kitu kwa diski, tukapanda pikapu pamoja, tukarudi Kitengela. Meneja alikuwa mlangoni anaangalia saa. Nikabadilisha ile sheria ya ghala kwanza: wa kuingia awe na nambari, na kama hakuna jina la mwenye boma, aitwe aliyeleta maziwa. Kisha nikabonyeza kupakia.

Likakataa. Mstari wa kwanza tu.

Naserian akaweka mkono mdomoni. Meneja akasema, "Haki ya Mungu." Mimi nikasoma ile kona ya waliokataliwa, nikaanza kucheka, nikacheka hadi machozi. Ng'oto! Wote ni Ng'oto, kila mmoja na alama yake ndogo ya juu, na mashine imemeza herufi mbili na kusimama. Nilikuwa nimetengeneza dawa hiyo kwa jedwali la mifugo miaka iliyopita, lakini safu hii ya majina ilikuwa mpya na hakuna aliyeipitisha hapo. Nikaweka alama mbili penye moja. Nikabonyeza. Stima ikafifia kidogo, tukashika roho, ikarudi. Waliotoka, waliofika: sawa. Printa ikaanza kulia kri-kri-kri, na nilimwacha Naserian asome karatasi ikitoka.

Mtauliza yale majina ya zamani niliyafanyaje. Niliyaacha kwa rafu za miaka yao. Stoo haitupi vitu. Nilimuuliza Naserian kama yanamsumbua, akasema hapana, yakae huko, mradi hakuna mtu anayaita. Na hadi nilipostaafu, hakuna orodha ya kusomwa kwa watu iliyotoka kwangu kabla sijauliza itasomwa wapi, na nani atakuwa amesimama akisikiliza.

Kazi yangu ilikuwa ya kiti. Sikuwa nimewahi kwenda kugawa kitu. Lakini asubuhi iliyofuata nilipanda mbele kwa lori nikaenda Kisaju, na Naserian kando yangu. Watu walikuwa wamejaa, na upepo unapeperusha vumbi na vipande vya nyasi. Akanionyesha mama yake kwa macho tu. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, mama mrefu aliyenyolewa kichwa, hana ushanga hata mmoja, na watoto wawili wamemshika shuka. Kwa nini nyuma, nikauliza. Naserian akasema, "Anajua hataitwa. Amekuja tu kwa sababu kukaa nyumbani kuwaangalia ni mbaya zaidi."

"Hukumwambia?"

"Niliogopa ikikataa tena."

Mgawaji akaanza. Akaita wazee, wakajibu, wakasogea na vijana wao wakabeba. Akaita wengine. Nikashika mlango wa lori. Kisha akafungua ukurasa mwingine, akasogeza kipaza sauti, akasoma vile tulivyoandika.

"Ng'oto Lemayian!"

Hakuna aliyejibu. Yule mama aligeuka akaangalia nyuma yake, aone nani ameitwa. Nyuma yake kulikuwa na mchongoma tu. Watu wakaanza kugeuka kumtazama. Mgawaji akaita tena, "Ng'oto Lemayian, ako?" Naserian alikuwa ameshuka kwa lori bila mimi kumwona, amesimama katikati ya watu, na alimwita mama kwa Kimaasai, neno moja tu, "Yeyo."

Mama akatazama binti yake, akatazama lori. Akaweka mkono kifuani.

"Niko," akasema, kwa sauti ndogo. Halafu akaanza kutembea, na watu wakampisha, na akasema tena kwa nguvu ili mgawaji asikie, "Niko! Niko!"